Ufa wa Kuziba na Ufa wa Kuacha
Somo juu ya hewa katika banda la kuku

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliniomba niandike juu ya kazi ya chama chetu cha ufugaji. Kwanza nilitaka kuandika juu ya mayai tuliyouza, maana hayo ni mambo ya kujisifia. Lakini nilipokaa na kalamu niliona kwamba jambo lenye faida zaidi kwenu ni kosa tulilofanya, na hasa kosa nililofanya mimi. Basi nitawaeleza kosa lenyewe, sababu yake, na jinsi tulivyolitengeneza, ili mwenye kuku nyumbani kwao apate kujipima.

Jinsi banda lilivyofika

Kaka zetu waliosoma hapa zamani walituletea zawadi ya banda la kuku la kuunganisha. Liliundwa kiwandani katika nchi ya mbali, likafika likiwa vipande vipande ndani ya maboksi: kuta nne, sakafu, mapaa mawili, mlango, viota vya kutagia, na mfuko wa skrubu. Tuliliunganisha katika alasiri moja. Lilikuwa na sakafu ya futi 6 kwa futi 4, kuta za futi 3, na paa la mgongo lililofika futi 4 katikati. Lilipakwa rangi nzuri, na juu ya boksi iliandikwa kwamba linatosha kuku 20. Sisi tulikuwa na kuku 16, tukaona tumebakiza nafasi.

Lazima niwaambie kuku hao ni wa nini. Fedha ya mayai huwekwa katika mfuko mdogo wa kuwalipia ada ya mtihani wale ambao nyumbani kwao mambo yamekuwa magumu. Mimi mwenyewe mtihani wangu wa kidato cha nne ulilipiwa na mayai. Kwa hiyo nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama nikiwa kidato cha sita, niliona kwamba ninalo deni, na mwaka huu wenzetu wawili walikuwa wakiutazama mfuko huo kama nilivyoutazama mimi.

Mvua za Machi zilipoanza, kuku walianza kukoroma usiku. Asubuhi walitoka wakipiga chafya, wengine macho yamevimba, na vishungi vyao vilivyokuwa vyekundu vikapauka. Wawili wakafa. Shule yetu iko katika milima ya Kigezi, karibu na Kabale, mahali palipo juu sana kupita usawa wa bahari. Usiku wa mvua hapa mtu hulala na mablanketi mawili. Mimi nikaamua mara moja: ni baridi.

Basi nilifanya mambo mawili. La kwanza, niliitisha mkutano wa chama, nikamlaumu kijana mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa na zamu ya kufunga mlango wa banda kila jioni. Nikasema amekuwa mzembe, anauacha wazi, baridi inaingia. Alisimama kwa adabu, akasema, "Kaka, mlango nilikuwa nikiufunga. Lakini humo ndani mnanuka, hata macho yananiuma." Nikamwambia anatafuta njia ya kujitetea, tukamwondoa katika zamu.

La pili, nilikumbuka ile methali tunayoandikiwa katika insha kila mwaka, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikachukua magunia, nikaziba madirisha mawili ya wavu, nikaziba nyufa za mlango, na pengo dogo la chini ya paa nikalijaza matambara. Kazi ilikuwa safi, nikalala nimeridhika.

Katika siku 9 zilizofuata wakafa kuku 4 wengine. Tukabaki na 10. Padri Mkuu wa shule akaniita, akasema kwa upole kwamba mpaka mwisho wa muhula chama kikishindwa kuonyesha kuku wazima, wataondolewa wote waliobaki na chama kitafungwa.

Bwana Mifugo alivyotuonyesha

Bruda anayetufundisha kilimo alimwita Bwana Mifugo. Alikuja asubuhi mapema, kabla banda halijafunguliwa, kama alivyokuwa ameagiza. Kwanza alitazama kitabu chetu cha chanjo, akaona kuku walichanjwa mdondo kwa wakati wake. Kisha akampasua kuku mmoja aliyekufa usiku ule, akatuonyesha kifuani na tumboni ngozi nyembamba ambazo zingekuwa safi na zenye kupenya mwanga kama nailoni. Zilikuwa zimefifia kama maji ya mchele, zina povu.

Halafu akanigeukia akasema, "Wewe ndiwe mwenyekiti? Ingiza kichwa chako humo ndani, ukae mpaka nihesabu thelathini."

Niliingiza. Alipofika kumi na mbili nilikuwa nimekwisha kutoka, machozi yananitiririka. Chini ya paa mbao zilikuwa zikidondosha maji kama zimenyeshewa, na maranda ya sakafuni yalikuwa mabichi, yamegandamana. Akasema, "Baridi haikuua hawa. Mmewafungia katika pumzi yao wenyewe."

Nikakumbuka maneno ya yule kijana wa kidato cha pili, na moyo wangu ukanishuka.

Kuku anavyopumua na anavyojikinga na baridi

Hapa ndipo somo linapoanza. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, yaani kumzidi mwanadamu, na kuku amevaa nguo yake mwenyewe. Usiku hujitutumua, akazisimamisha manyoya, na katikati ya manyoya hewa hutulia bila kwenda popote. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ndiyo maana blanketi la sufi linatufaa: si sufi tu inayotupasha moto, ni hewa iliyoshikwa ndani yake. Kuku mkavu, mwenye shibe, aliyejitutumua kwenye fito pasipo upepo, anaweza kuvumilia baridi kupita ya Kigezi. Huko Marekani, tangu mwanzo wa karne ya 20, wako wafugaji waliojenga nyumba za kuku zilizoachwa wazi upande mmoja, zenye wavu tu, hata katika majimbo yenye theluji, na kuku wakaishi. Siri yao ilikuwa kwamba nyumba ilienda ndani sana, hata upepo haukufika nyuma palipokuwa na fito.

Jambo la pili ni mapafu. Kuku hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, na mapafu yake hayatanuki. Yeye anayo mifuko ya hewa, kwa kawaida 9, iliyoenea mwilini, nayo husukuma hewa ipite mapafuni kama mivuo ya mhunzi. Njia hii ni bora sana, lakini ina hatari yake: hewa ikiwa chafu, uchafu huo hufika mbali ndani ya mwili. Zile ngozi tulizoonyeshwa na Bwana Mifugo ndizo mifuko hiyo.

Jambo la tatu ni maji. Kuku mmoja hunywa kama robo lita kwa siku. Kuku 16 hunywa kama lita 4. Maji hayo yanakwenda wapi? Mengine yamo katika yai, lakini mengi hutoka tena kwa pumzi na kwa kinyesi. Sisi tunakaa karibu na ikweta, kwa hiyo usiku wetu ni wa saa 12 mwaka mzima. Kuku hulala ndani tangu saa moja ya jioni hata saa moja ya asubuhi. Fikirini mtu akimwaga maji kidogo kidogo ndani ya sanduku usiku kucha, kila usiku, na sanduku halina tundu.

Jambo la nne ni harufu. Katika kinyesi cha kuku kuna asidi ya yuriki. Ikipata unyevu, bakteria huivunja na kutoa amonia, gesi ile tuliyoifanyia majaribio katika maabara, na wote tunakumbuka jinsi ilivyotutoa mbio. Amonia huunguza macho, na katika koo la kuku huharibu vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na vijidudu. Ufagio ukiharibika, ugonjwa huingia bila kizuizi. Maranda makavu hutoa amonia kidogo, maranda mabichi hutoa nyingi. Kwa hiyo unyevu na harufu ni ndugu, ukimtoa mmoja mwenziwe hupungua.

Hewa si upepo

Sasa mtauliza: kama hewa inatakiwa, mbona kuku wawili walikufa kabla sijaziba? Swali hili lilinisumbua, nikampelekea Mzee Fundi, seremala wa misheni. Mzee huyu katika ujana wake alifanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe, kule chini ya milima ya Ruwenzori, kabla haujafungwa, na Kiswahili chake alikipata huko. Alikuja akalizunguka banda mara mbili bila kusema neno. Kisha akasema:

"Mwanangu, katika mgodi tulifundishwa jambo moja. Hewa ni mgeni. Mgeni lazima awe na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Lakini haingii chumbani mwa watu waliolala akawakanyaga. Hii nyumba yenu, madirisha yake yako wapi?"

Nikamwonyesha. Yalikuwa mawili, moja katika kila ukuta mrefu, yakitazamana, kila moja inchi 12 kwa inchi 10, na kizingiti chake cha chini kilikuwa inchi 22 kutoka sakafuni. Fito za kulalia zilikuwa inchi 24.

"Basi," akasema, "upepo unaingia huku, unawapita kuku kifuani, unatokea kule. Na juu, wanakotoa pumzi yao, pamefungwa. Mmefungua mahali pa kufungwa, mmefunga mahali pa kufunguliwa."

Maneno hayo ndiyo somo lote, ndugu zangu. Hewa na upepo si kitu kimoja. Upepo ukipita juu ya mwili wa kuku huyapeperusha manyoya, na ile hewa iliyotulia ndani yake huondoka na joto lake. Kuku hupata baridi hata kama usiku si wa baridi sana. Lakini hewa ikibadilishwa polepole juu ya kichwa chake, yeye hana habari, ila asubuhi utamkuta mkavu.

Nalo jambo hili lina msaada wa fizikia. Hewa yenye joto hutanuka, ikawa nyepesi, ikapanda. Na mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, maana uzito wa molekuli yake ni 18, na wa hewa ni kama 29. Basi pumzi ya kuku, yenye joto na mvuke, hupanda yenyewe mpaka paani. Ikikuta tundu, hutoka. Isipokuta, hugusa mbao baridi, mvuke hugeuka maji, nayo huanguka juu ya migongo ya kuku na juu ya maranda. Ndiyo yale matone niliyoyaona.

Shauri hili si la kuku peke yao. Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza, katika kitabu chake juu ya uuguzi kilichotoka mwaka 1859, aliweka kanuni hii mbele ya nyingine zote: hewa anayovuta mgonjwa iwe safi kama ya nje, wala mgonjwa asipatwe na ubaridi. Ni mambo mawili kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeshika la pili nikaliua la kwanza.

Jinsi tulivyolitengeneza

Banda la kuunganisha lina faida moja kubwa: lililofungwa kwa skrubu hufunguka kwa bisibisi. Tulifanya kazi Jumamosi mbili, na Mzee Fundi akasimamia. Nitaeleza kwa utaratibu.

1. Kugeuza banda. Usiku mteremko wa mlima hupoa, hewa iliyougusa huwa nzito, ikateremka bondeni kama maji. Banda letu lilikuwa limeupa mlima ubavu wake mrefu wenye dirisha, kwa hiyo kila usiku lilipokea upepo huo kifuani. Tuliligeuza, kichwa chake kisicho na mlango kikautazama mlima, na mlango ukatazama bondeni. Kisha tukaliinua juu ya mawe, futi 1 kutoka ardhini, ili maji ya mvua yapite chini.

2. Kuinua paa. Tulifungua mapaa, tukaweka juu ya kila ukuta mrefu vipande 4 vya mbao, kila kimoja upana wa inchi 3 na kimo cha inchi 2, kisha tukarudisha mapaa juu yake kwa skrubu ndefu. Hivyo tulipata mwanya wa inchi 2 chini ya paa, pande zote mbili. Katika vichwa viwili vya banda, mwanya uliotokea tuliufunga kwa ubao, maana hapo tulikuwa na mpango mwingine.

3. Kutoboa vichwa. Juu kabisa ya kila kichwa cha banda, chini ya mgongo wa paa, tulikata tundu la pembe tatu, msingi wake inchi 24 na kimo chake inchi 6. Lile la upande wa mlima tulilitilia vibao vya mshazari, kama vya madirisha ya sakristia, ili upepo na mvua visiingie moja kwa moja.

4. Hesabu. Bruda alitupa kipimo cha kukadiria: kwa kila futi 10 za mraba za sakafu, matundu ya futi 1 ya mraba. Sakafu yetu ni 6 × 4 = futi 24 za mraba, basi tulihitaji futi 2.4, yaani kama inchi 346 za mraba. Hesabu ya tulichokipata ni hii. Ukuta una inchi 72. Ukitoa vipande 4 vya inchi 3, hubaki inchi 60. Mara inchi 2 ni 120, na kuta mbili ni 240. Pembe tatu moja ni nusu ya 24 × 6, yaani 72, na mbili ni 144. Jumla inchi 384 za mraba. Wavu hula sehemu kidogo, lakini tulikuwa tumefikia kipimo.

5. Wavu. Matundu yote tuliyafunika kwa wavu mgumu wa waya wenye vitundu vya nusu inchi. Wavu mwembamba wa kuku wenye vitundu vikubwa huzuia kuku asitoke, lakini haumzuii kicheche wala nguchiro asiingie. Kingo zake tulizibana kwa papi za mbao, kwa sababu misumari peke yake hung'oka.

6. Kushusha fito. Hili ndilo watu husahau. Kuku akisimama juu ya fito, kichwa chake huwa kama inchi 16 juu yake. Fito za kwanza zilikuwa inchi 24. 24 na 16 ni 40, na mwanya wetu uko inchi 36. Tungeacha hivyo, upepo ungempiga kuku usoni. Tulizishusha mpaka inchi 14, basi kichwa kikawa inchi 30, na juu yake pakabaki inchi 6 za salama. Viota navyo tukavishusha zaidi, maana kuku hupenda kulala mahali pa juu, na kiota kikizidi fito atalala humo na kukichafua.

7. Madirisha. Hatukuyaziba kabisa. Tulitia vibao vya kuteleza. Usiku hufungwa, mchana wa jua hufunguliwa kwa ajili ya mwanga na kukausha.

8. Nyufa za chini. Hapa methali ya wazee ilipata haki yake. Nyufa za sakafu, za pembe za kuta, na ya chini ya mlango, zote ziko chini ya kichwa cha kuku, na hizo tulizifunga kwa papi. Ufa wa chini huzibwa, ufa wa juu huachwa.

9. Pindo la paa. Tuliongeza vipande vya mabati ya zamani, vikatokeza inchi 10 nje ya kuta, ili mvua isifikie mwanya.

10. Maranda na idadi. Tulitoa maranda mabichi yote, yakaenda shambani, tukaweka makavu ya kina cha inchi 4. Ama idadi, kipimo kinachofundishwa ni kuku 4 au 5 kwa mita moja ya mraba, na sakafu yetu ni kama mita 2.2. Hesabuni wenyewe mtaona ni 9 hadi 11. Boksi lilisema 20. Sisi tulikuwa tumebaki na 10, hesabu iliyostahili tangu mwanzo. Lakini tuliipata kwa vifo.

Jinsi ya kujaribu

Mtu asiseme banda lake ni jema kwa sababu amelitoboa. Alijaribu kwa njia hizi tatu.

Ya kwanza ni moshi. Kuku wakiwa nje na maranda yakiwa bado hayajatiwa, tulitia majani mabichi kidogo juu ya makaa ndani ya kopo lenye mchanga, tukaliweka sakafuni. Moshi ulipanda, ukatoka kwa utulivu juu, kwenye mwanya na pembe tatu. Kabla ya matengenezo tungeuona ukizunguka ndani na kushuka.

Ya pili ni karatasi. Tulifunga vipande vya karatasi nyembamba kwa uzi, vingine kwenye matundu ya juu, vingine mahali kuku wanapolala. Tulikwenda saa tano ya usiku na tochi, upepo ukishuka mlimani. Vya juu vilicheza. Vya chini vilining'inia kimya. Kimoja karibu na mlango kilikuwa kikitikisika, nasi tukautafuta ufa mpaka tukauona.

Ya tatu ni pua. Asubuhi kabla ya kufungua mlango mkubwa, inama mpaka kimo cha kuku, uingize kichwa. Usivute hewa ukiwa umesimama, maana kuku hakai kwenye kimo chako. Ukiona macho yanawasha, banda halijapona.

Nawaonya jambo moja. Hewa safi haiponyi mdondo, wala haishiki mahali pa chanjo. Kuku wetu waliougua walipewa dawa na Bwana Mifugo, na chanjo tunaendelea nazo kwa tarehe zake. Hewa safi kazi yake ni kuacha mwili wa kuku uwe na nguvu ya kujipigania.

Yaliyofuata

Katika juma la kwanza mbao za paa zilikuwa kavu asubuhi. Katika juma la tatu kukoroma kulikoma. Hakufa kuku tena. Mwisho wa muhula Padri Mkuu alikuja mwenyewe saa moja ya asubuhi, akavua kofia, akaingiza kichwa, akakaa humo kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza mimi siku ile. Alipotoka alisema tu, "Endeleeni." Kuku 10 hawatoi mayai ya kuku 16, kwa hiyo mfuko umemlipia mwenzetu mmoja tayari, na wa pili bado tunamtafutia. Sitaficha hilo.

Limebaki la yule kijana wa kidato cha pili. Nilikuwa nimemlaumu mbele ya wote, basi niliona si haki kumwomba radhi pembeni. Niliitisha mkutano uleule, nikasimama, nikasema kwamba mlango aliufunga, kwamba aliniambia harufu na macho kuuma wiki tatu kabla ya Bwana Mifugo, na kwamba kama ningemsikiliza huenda kuku 4 wangekuwa hai. Nikamwomba arudi. Alicheka kidogo, akasema, "Kaka, nitarudi, ila zamu ya pua iwe yangu." Sasa ndiye anayeingiza kichwa kila asubuhi na kuandika katika daftari, na mwakani, nikiwa nimeondoka, nafikiri chama kitakuwa katika mikono mizuri.

Ninyi kaka zetu mliotuletea banda, msidhani tunalalamika. Zawadi yenu ilikuwa njema, ila ilishonwa kwa kipimo cha nchi nyingine, nasi tumeipunguza na kuiongeza mpaka imetukaa. Na nyumbani kwenu, kama mnalo banda la namna hii, kesho asubuhi kabla ya chai nendeni mkaliulize maswali haya:

Hewa inaingia wapi, na inatoka wapi?
Upepo wa usiku unatoka upande gani?
Kichwa cha kuku aliyelala kiko inchi ngapi chini ya tundu?
Na yule mdogo anayefunga mlango kila jioni, amekuambia nini?